Hodi kwa Kompyuta ya Kwale

Jumamosi hiyo, saa mbili na robo asubuhi, nilikuwa nimekaa mezani kwangu Msambweni nikibishana na kisanduku cheupe. Kilijitokeza katikati ya skrini, kikanieleza kwa adabu kwamba kompyuta niliyoitaka haipatikani, kisha kikanipa kitufe kimoja tu cha kubonyeza: Sawa. Nikabonyeza Sawa. Kikatokea tena. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayedhani mashine husikia kidole kilichokasirika.

Kando yangu, kwenye kiti cha plastiki, alikaa dada yangu mkubwa. Alikuwa amevuka kutoka Mkwiro, kisiwani, alfajiri, akafika kwangu kabla sijamaliza chai, na mfuko wa madaftari ya watoto wake wa chekechea. Alisema atayasahihisha “huku wewe unamalizia”. Alidhani kazi iliyobaki ni ya nusu saa. Aliyemfanya adhani hivyo ni mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa tasnifu yake. Dada aliacha shule akiwa kidato cha pili, mama alipougua, ili awalee wadogo zake, na mmoja wa wadogo hao ndiye huyu anayeandika. Mimi nikaenda chuo kikuu, nikarudi na shahada mbili pamoja na tabia ya kusahihisha maandishi kwenye vibao vya vinyozi. Yeye akabaki kisiwani akifundisha watoto wadogo, kwanza bila cheti, kisha kwa cheti, kisha kwa stashahada, kila kimoja akikisomea wakati wa likizo. Sasa, akiwa amekwisha kuvuka miaka hamsini, alikuwa amefika ukingoni mwa shahada. Tasnifu ndiyo iliyobaki. Mwisho wa kuipokea ulikuwa siku hiyo saa kumi alasiri, na haikuwa ya kwenda kumbembeleza karani dirishani, kwa sababu ilipokewa kwa mtandao, na mtandao ungejifunga wenyewe saa ikifika. Alikwisha kuongezewa muda mara mbili. Ya tatu haipo. Akiukosa, usajili wake unakwisha na mwaka mzima wa mwisho anaurudia.

“Sitaurudia,” aliniambia wiki ile, bila kulalamika. “Nitakuwa nimesoma vya kutosha.”

Namjua dada yangu. Anapokubali jambo kwa upole namna ile, ujue limemuuma hadi mfupani.

Na tasnifu ilikuwa wapi? Ilikuwa Kwale, juu mlimani, ndani ya kompyuta isiyopatikana.

Nafanya kazi na ofisi ndogo ya huko inayotengeneza vitabu vya kusomea vya watoto. Ofisi ina kompyuta moja kubwa tunayoiita seva, jina lenye heshima kuliko umri wake. Napanda Kwale siku mbili kwa wiki, na siku nyingine naiingia kutoka nyumbani. Nabonyeza, naandika nywila, na skrini ya Kwale yote inajitandaza Msambweni, pamoja na picha ya twiga iliyowekwa na mtu ambaye hatujawahi kumgundua. Kila ninachokigusa hapa kinatendeka kule. Fundi aliponionyesha mara ya kwanza, nilijiona kama wale mawalii wanaosemekana kuonekana mahali pawili kwa wakati mmoja. Nikawaeleza watu kinyozini. Mmoja akaniuliza kama inaweza pia kunilimia shamba la kule.

Dada alikuwa na nakala ya zamani kwenye simu yake. Lakini masahihisho ya msimamizi wake, sura ya tano nzima iliyoandikwa upya, majedwali na marejeo, hayo yote niliyaingiza Jumatano na Alhamisi, mwili wangu ukiwa Msambweni na mikono yangu ikiwa Kwale. Alhamisi jioni aliniomba nimtumie nakala akae nayo. Nilimjibu kwa maneno ninayoyakumbuka vizuri kuliko ningependa. Nilimwambia nakala nyingi ndizo zinazowapoteza watu, na kwamba kitu kikiwa kimoja, mahali pamoja, palipo salama, kinatosha. Nadhani nilitumia hata neno “itifaki”.

Nikampigia fundi. Ni mwanamke wa bara aliyehamia Ukunda miaka mingi iliyopita na anazihudumia hoteli za Diani, akizunguka na begi la nyaya kama mganga na mkoba wake. Asubuhi ile alikuwa katika hoteli moja akisikiliza wageni wanaolalamika kwamba mtandao haufiki bwawani. Ananiita Prof. Mimi si profesa. Niliianza shahada ya uzamivu, nikaiacha njiani, na yeye analijua hilo. Ndiyo sababu ananiita hivyo.

“Prof, wacha kwanza mambo ya nywila,” alisema. “Hiyo mashine iko hai ama imekufa? Hiyo ndio swali ya kwanza.”

Alinikumbusha alichonifundisha zamani, nami nikakiweka kwa lugha ninayoielewa. Kuuliza kama kompyuta ya mbali inafanya kazi ni kupiga hodi mara tatu. Hodi ya kwanza unaipiga uani, kujua kama kuna mji wenyewe. Ya pili unaipiga nyumbani, kujua kama yumo mtu. Ya tatu unaipiga mlangoni, kujua kama huyo mtu yuko tayari kufungua. Watu wengi hukimbilia mlango, wakautikisa, ilhali nyumba haina mtu tangu jana.

Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo hunifanya nijihisi kijana. Hodi ya kwanza niliipiga kwa ruta ya ofisi, kile kijisanduku chenye taa kinacholeta mtandao. Kikaitikia mara nne, upesi. Maana yake umeme upo Kwale na mtandao unapanda mlima. Hodi ya pili nikaipiga kwa seva yenyewe. Kimya. Nikarudia. Kimya.

Fundi akasema hilo halitoshi kuihukumu, kwa sababu kuna mashine zimewekwa zisiitikie hodi hata zikiwa macho, kama watu fulani anaowajua. “Kuna mtu huko? Mwambie aangalie na macho.”

Mtu alikuwapo. Ofisi ina mzee anayeilinda mwisho wa wiki, tangu Ijumaa mchana, mwenyeji wa kule kule mlimani, mtaratibu, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini. Amenizidi miaka zaidi ya ishirini. Nikampigia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamuuliza habari za asubuhi, njema. Za nyumbani, njema. Za mvua, njema, alhamdulillahi. Za ofisi, njema. Na ile kompyuta yetu kubwa, habari yake?

“Njema,” alisema mzee. “Iko salama.”

Nilimshukuru sana, nikakata simu, nikamrudia fundi nikiwa na ushindi sautini. Mashine iko salama, mtu ameithibitisha, tatizo liko kwingine.

Naomba msomaji akumbuke kwamba nina shahada mbili za lugha.

Basi tukalitafuta tatizo kwingine, karibu saa mbili nzima. Kama mashine ni nzima na haiitikii, alisema fundi, lazima kasoro iwe njiani au kwangu. Nikaizima ruta yangu na kuiwasha. Nikazima kompyuta yangu na kuiwasha. Nikahamia mtandao wa simu, nikatoka na kompyuta mikononi hadi nyuma ya jiko, mahali ambapo mawimbi husimama vizuri, kuku wakanipisha. Nikaandika amri ambazo fundi alinitajia herufi moja moja huku akimjibu mgeni mmoja kwa Kiingereza na mwingine kwa Kijerumani cha hoteli. Kila mara nilirudi kwenye kisanduku cheupe, na kila mara tuliafikiana kwamba Sawa.

Katikati ya hayo, simu yangu ililia mara mbili na kukatika kabla sijaishika. Alikuwa ni yule mzee, ananibipu. Nilijiambia nitampigia nikishatulia. Nilikuwa na shughuli ya kuokoa tasnifu.

Dada alisahihisha madaftari, akatia vema kwa kalamu nyekundu, na mara moja moja alitabasamu kwa alichokiona humo. Utulivu wake ndio ulionitisha. Angenipigia kelele ningejitetea. Ilipofika saa tano alifunga daftari, akavua miwani, akaniuliza jambo ambalo nilipaswa kuulizwa mapema.

“Yule mzee wa Kwale, ulimwambiaje hasa?”

Nikamsimulia, neno kwa neno, nikijivunia kwamba sikuacha hata salamu moja.

Dada akaiweka miwani juu ya daftari. “Ulimjulia hali, mdogo wangu. Hukumuuliza kitu.”

“Nilimuuliza habari ya kompyuta.”

“Na yeye akasema njema. Ulitaka aseme nini? Umemfululizia habari nne, zote njema, ya tano ndiyo aseme mbaya? Halafu ukangoja?”

“Ningoje nini?”

“Ila,” alisema dada.

Kwetu, njema si taarifa. Njema ni mkeka unaotandikwa kwanza ili watu wapate pa kukaa. Mtu atakuambia nyumbani kuzima, watoto hawajambo, mvua si haba. Kisha atanyamaza kidogo, na katika kule kunyamaza ndimo habari yenyewe inamovaa viatu ije. Siku baba yetu alipofariki, dada ndiye aliyenipigia chuoni, kwenye simu ya ofisi ya bweni. Nikamuuliza habari za nyumbani, akasema njema. Za mama, njema. Za wadogo zetu, njema. Kisha akanyamaza, nami nikaishika meza ya bwana wa bweni kwa mikono miwili kabla hajasema ila. Nililijua hilo nikiwa na miaka ishirini. Sijui nililipotezea wapi. Nimekaa miaka mingi na watu wanaoanza barua kwa “kuhusu yaliyotajwa hapo juu”, na nadhani ndiko. Asubuhi ile nilimsalimu mzee kwa ukamilifu kabisa, nikachukua njema yake kama risiti, nikamkatia simu usoni akiwa ndiyo kwanza anavuta pumzi.

Dada akachukua simu yake mwenyewe, akaniomba namba, akaiweka kwa sauti ya wazi juu ya meza. Alianza upya. Hawakuwahi kuonana, hivyo ilibidi ajitambulishe ni nani na wa nani, na mzee naye akamjulisha kwamba aliwahi kufika Mkwiro harusini, na wakatafuta aliyeoa, wakampata, wakamrehemu kwa sababu amekwisha kufa. Mimi nilitazama saa. Wakaulizana mvua ya huku na ya kule. Kisha dada akasema, “Na hapo ofisini, baba, salama?”

“Salama, mwanangu.”

Dada akanyamaza. Nilifungua mdomo, akaninyooshea kidole bila kunitazama. Nikasikia kuku nyuma ya jiko. Nikasikia mzee akikohoa.

“Ila,” alisema mzee, “ile kompyuta niliichomoa.”

Yakaja yote sasa, taratibu na kwa mpangilio. Ijumaa alasiri palinguruma kutoka upande wa milima ya Shimba, radi ikapiga mara mbili karibu. Akachomoa kila kitu, akaifunika seva kwa leso kuukuu, kama vile nyumbani kwake wanavyofunika kioo radi ikipiga. Hakujituma tu. Alikuwa ametii amri iliyobandikwa ukutani. Mwaka uliopita radi ilitutia hasara ya mashine ya kutolea nakala, na baadaye ofisi ikabandika tangazo. Mzee alisomea madrasani, anaisoma Kurani na barua za kale kwa herufi za Kiarabu bila kukwama, lakini hizi herufi za shule hazijui vizuri. Kwa hiyo alimwomba mama anayeuza chai amsomee, akalihifadhi. Sasa akatusomea kwa kichwa: “Pindi radi inapoashiria ujio wake, vyombo vyote vya umeme vichomolewe pasi na kubakiza.”

Dada aliinua macho. Aliijua lugha ile ni ya nani. Nililiandika tangazo hilo kwa rasimu tatu.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, mbona ruta haikuchomolewa. Mzee akasema kile chenye vitaa aliogopa kukigusa, alidhani ndicho kinachowaita polisi. Na mbona asubuhi hakuirudisha seva kwenye umeme? Alijibu kwa heshima kubwa, bila kinyongo, kwamba alitaka sana kuuliza, hata alinibipu mara mbili, kwa sababu karatasi ilisema vichomolewe lakini haikusema virudishwe lini.

Fundi, aliyekuwa bado yuko kwenye simu yangu akisikia yote, alicheka hadi mgeni mmoja akamuuliza kama yuko sawa.

Mzee akaichomeka. Akakibonyeza kitufe, akatuambia imeanza kuvuma. Saa sita kasoro nilipiga hodi ya pili, na seva ikaitikia, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nilipiga kelele ambayo siwezi kuiandika. Nikaenda mlangoni. Mlango haukufunguka.

Fundi alieleza kwa ufupi. Mashine iko hai, lakini ile huduma yenyewe ya kuturuhusu kuingia kwa mbali, kwenye kompyuta yetu hiyo kongwe, haiamki mpaka mtu aingie kwa mkono pale pale ilipo. Lazima mtu aandike nywila. Nilikaa chini. Wa kuandika ni mzee, kwa herufi asizozijua, na ndipo adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka Kwale ndani ya simu, na muda mfupi baadaye kutoka Msambweni nje ya dirisha. Mzee akasema anakwenda kuswali, atarudi. Dada akasema na yeye. Wakaachana bila haraka yoyote, wakaniacha mimi na saa ya ukutani. Nami nikaswali pia, hatimaye, kwa haraka ambayo natumai ilisamehewa.

Saa saba mzee alipiga, safari hii hakubipu. Dada aliniambia nimwandikie nywila kwenye karatasi. Nikaandika nyuma ya bahasha, nikamsukumia. Alivaa miwani akasoma. Kisha akaishusha miwani hadi ncha ya pua.

“Profesa mtarajiwa,” alisoma.

“Yote kwa herufi ndogo, bila nafasi,” nilisema.

“Mtarajiwa na nani?”

Katika simu nyingine fundi alikuwa amekwisha kupoteza uwezo wa kusema.

Sikuweza kumwelekeza mzee, nilijaribu. Nilimwambia atafute P na yeye akaniuliza iko vipi, na nikagundua kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kuulizwa P iko vipi. Dada akanisogeza kwa kiwiko. Tasnifu yake, lazima niseme hapa, inahusu jambo hilo hilo: namna watoto wa kisiwani wanavyozishika herufi haraka zaidi wakipewa vitu walivyovizoea machoni. Niliichapa yote, nikaipangia marejeo, nikairekebishia vituo. Sikuwa nimeisikia.

“Baba,” alisema, “tafuta kijiti kimesimama, kina tumbo juu, upande wako wa kulia.”

“Nimekiona. Kiko pembeni kabisa.”

“Kibonyeze mara moja tu. Sasa yule yule, ila ametoa mguu.”

“Ametoa mguu,” alisema mzee, akimtafuta. “Huyu hapa.”

“Sasa duara, kama mdomo wa mtungi.”

“Yuko ubavuni mwa yule wa kwanza. Lakini, mwanangu, naandika, zinatoka nukta tupu.”

“Nukta ndizo, baba. Inaficha.”

“Ahaa. Basi leo herufi zenu zote zina nukta, kama zetu.”

Wakaendelea hivyo. Kijiti chenye mikono miwili, yote kulia, hakina mguu. Kitana cha meno matatu. Samaki mkunga, kama nyoka, anaogelea. Paa la nyumba lenye boriti kati. Kwenye ndoana mzee hakuuliza hata, alikwenda moja kwa moja. Herufi ya kumi na tano dada alimwambia ni kama ile ya mawimbi mawili lakini imepinduliwa, na mzee akasema yuko jirani na kitana, upande wa kushoto, amemwona zamani akawa anajiuliza atatumika lini. Nilikuwa nimeshika bahasha nikifuata kwa kidole, na nilitambua kwamba sikuwa nikiangalia saa.

“Sasa kile kikubwa chenye mshale uliopinda.”

Tukasikia kitufe kikigota.

“Kuna twiga,” alisema mzee.

Fundi akaniambia nipige hodi ya tatu. Nikaandika, nikabonyeza, kisanduku cheupe hakikuja, na skrini ya Msambweni ikawa ya kijani polepole, shingo kwanza, kisha masikio.

“Twiga ameondoka huku,” alisema mzee kwa wasiwasi.

“Tuko naye huku, baba,” alisema dada. “Amefika salama.”

Akangoja kidogo, mzee, kisha akauliza, “Ila?”

“Hakuna ila,” alisema dada.

Faili lilikuwapo, na sura ya tano ilikuwamo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutengeneza nakala tatu, nikaziweka mahali patatu, na itifaki ikafia hapo. Ilikuwa inakaribia saa nane. Nikafungua ukurasa wa kuwasilishia, nikajiandaa kupakia, nikamgeukia dada kwa uso wa mtu anayesubiri kushukuriwa.

“Ondoka hapo,” alisema.

Nilikuwa nimekaa kiti kile tangu asubuhi. Akaketi yeye, akavuta skrini, akaanza kusoma tasnifu yake kutoka ukurasa wa kwanza. Nilimwambia wakati. Alisema anajua saa zilivyo. Alisoma kama anavyosahihisha madaftari, kidole kwenye kioo, midomo ikicheza kidogo, na sikupata la kufanya ila kupika chai na kumrudishia fundi habari. Fundi aliniambia niache kumsimamia mtu kama askari wa mtihani.

Katika sura ya tano kidole kikasimama. “Hili neno si langu.”

Nikaja kutazama. Yeye alikuwa ameandika kwamba mtoto akiijua herufi moja vizuri, huitafuta mwenyewe kila mahali. Mimi, Jumatano, katika kuisaidia, nilikuwa nimeandika kwamba umahiri wa alama-andishi humjengea mwanagenzi hamasa ya kiutafutaji.

“Nilitaka iwe ya kitaaluma,” nilisema.

Alifuta, herufi moja moja, hadi mstari ukawa mtupu, kisha akaandika sentensi yake kama ilivyokuwa. Akaendelea kusoma. Akakuta nyingine mbili za namna hiyo, nazo akazifuta, bila hata kunitazama, na hilo lilinitosha.

Saa tisa na dakika arobaini alifika ukurasa wa mwisho. Akapakia faili mwenyewe. Mstari mwembamba ukatambaa kutoka kushoto kwenda kulia, ukasimama katikati, kisha ukaendelea. Mtandao ukamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza.

Ikaja risiti. Ilikuwa na kichwa cha tasnifu, saa ya kupokelewa, na jina lake lote, la kwake, la baba yetu na la babu. Msimamizi bado hajaandika na majibu hatujui yatakuwaje, lakini alasiri hiyo hatukuwa tukiyafikiria. Dada aliisogelea skrini. Akalisoma jina lile kwa sauti kubwa, ile ile anayoitia rejista kila asubuhi kule kisiwani, akitua kati ya neno na neno ili asipitwe mtu aliyesinzia nyuma.

Kisha akajiitikia.

“Nipo,” alisema.